Duara la Zebaki

Kisyeri alikuwa amechimba dhahabu miaka minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na duara lake. Kule machimboni duara ni shimo, lile linaloshuka wima ardhini na ngazi zake za magogo, na mwenye duara ndiye mtu. Waliobaki ni mikono tu. Mwenye duara akiingia kibandani watu wanasogea apate pa kukaa. Akikohoa wanamuuliza kama alilala vizuri. Na akipita asubuhi, hata kama ndevu zake zinahesabika, anaamkiwa.

Hilo la kuamkiwa ndilo lililomkaa Kisyeri kooni. Bosi wake, Wangwe, alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Kisyeri alimkumbuka vizuri sana akichunga mbuzi kule Gorong'a, kaptula imetoboka nyuma na makamasi yanashindana kufika mdomoni. Leo Kisyeri, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mwenye mke na watoto wanne, alisimama kila asubuhi mbele ya mchunga mbuzi yule na kusema shikamoo. Wangwe aliitikia marahaba huku anaangalia pembeni. Wenzake Kisyeri walimwambia asijisumbue, ni salamu tu. Kwao ilikuwa salamu tu kwa sababu hawakuwahi kuyafuta makamasi yale.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na rashi imepamba moto. Asiyeijua rashi ajue kwamba ni uvumi wenye miguu. Mtu mmoja anaokota jiwe lenye mng'ao, anamnong'oneza shemeji yake, na kesho yake asubuhi kuna watu mia tatu wanachimba mahali ambapo jana palikuwa na ng'ombe wawili. Mwaka uliotangulia, kijiji cha ng'ambo ya mto, jiwe la namna hiyo liliokotwa nyuma ya choo cha shule. Siku ya nne uwanja ulikuwa mashimo matupu, siku ya kumi ukuta wa darasa ukakaa chini, na watoto wa kule walikuwa bado wanasomea chini ya turubai. Kila mzazi wa upande huu aliijua habari ile. Kisyeri mwenyewe alikuwa mmoja wa wale mia tatu, na hakupata kitu isipokuwa homa.

Basi, Jumatano moja jioni alikuwa anakula ugali kwa dagaa, na binti yake mkubwa, Mogesi, anaosha sufuria mlangoni. Mogesi alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, mrefu kama baba yake na mwepesi wa maneno kama mama yake. Bila kuinua kichwa akasema, "Tata, leo mwalimu amenipa duara."

Tonge likasimama njiani. Kisyeri akauliza duara gani.

"La Zebaki. Yapo tisa, tumegawana. Langu ndilo la kwanza kabisa, karibu na jua. Ijumaa wazazi mnaitwa mje kuyaona."

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote, fundi cherehani au mchungaji wa kanisa, angeuliza swali la pili. Kisyeri alikuwa mchimbaji, na kila neno alilolisikia liliingia kwenye kichwa cha mchimbaji na kukaa mahali pake. Zebaki ni yale maji mazito yanayong'aa kama fedha, ambayo hukorogwa na mchanga uliosagwa ili yaing'ang'anie dhahabu. Hakuna anayetoa zebaki yake kabla hajawa na kitu cha kuipa. Kwa hiyo kule shuleni walikuwa wamekwisha kuosha mchanga, na dhahabu wameiona. Na karibu na jua maana yake juujuu, mtu hata hahitaji ngazi. Maduara tisa ya juujuu, na la kwanza ni la mwanawe.

Akameza tonge. Akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua kuku, iwapo jina lake Mogesi limeandikwa.

"Limeandikwa ubaoni, tata. Mogesi, mwenye duara la Zebaki."

Mwenye duara! Kisyeri alinawa mikono akatoka nje asionekane uso wake. Alisimama karibu na zizi akitabasamu peke yake mpaka mkewe, Robi, akauliza kama ng'ombe amesema jambo la kuchekesha.

Angenyamaza hadi Ijumaa, tusingekuwa na la kusimulia. Na alikusudia kunyamaza, tusimwonee. Lakini Alhamisi mchana, walipokaa kwa Atieno, mama wa chai na mandazi pale machimboni, Wangwe alikuwa na hamu ya kutaniana na alimchagua Kisyeri. Akaanza na buti lake lililofungwa kwa kamba, akahamia kwenye mgongo wake, akamalizia kwa kusema kwamba Kisyeri atazeekea ndani ya maduara ya wenzake na siku akifa watamzika kwenye duara la kuazima. Watu wakacheka. Hata Atieno, aliyekuwa akimhurumia, alicheka huku anageuza uso.

Kisyeri akaweka kikombe chini. Maneno yakamtoka yenyewe, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni ya maji. Alisema nyumbani kwake kuna mwenye duara. Alisema binti yake ana duara pale shuleni, moja katika tisa, la juujuu, na zebaki imekwisha kupita.

Kicheko kilikatika kama kamba. Wangwe akahama kutoka benchi lake, akaja kukaa kwa Kisyeri, akamwekea mkono begani na kumwambia Atieno amwongeze mzee chai. Mzee! Kwa muda wa saa nzima Kisyeri alikuwa mtu. Walimuuliza wakamsikiliza, na yeye akajibu kwa mafumbo kama wanavyojibu matajiri, maana hakuwa anajua zaidi ya yale aliyokwisha kusema.

Alipokuwa anarudi nyumbani ndipo alipoanza kuona alichokifanya. Kila kibanda alichopita kulikuwa na mtu anayegonga mpini mpya kwenye sururu. Mmoja alimpungia mkono kwa furaha na kumwambia wataonana kesho. Kisyeri akakumbuka ule ukuta wa ng'ambo ya mto uliokaa chini. Akajifariji kwamba atafika mapema kuliko wote, asimame juu ya duara la mwanawe, na alilinde.

Ijumaa asubuhi, umande ukiwa haujakauka, alifuatana na Mogesi hadi shuleni. Sururu alikuwa ameificha ndani ya gunia, gunia liko begani, na Mogesi alilitupia jicho mara mbili bila kuuliza. Uwanja ulikuwa mtupu na wa kijani. Kisyeri akauangalia kwa jicho la kazi kutoka goli hadi goli. Hapakuwa na kifusi, hapakuwa na kamba, wala ngazi. Katikati tu palikuwa na mti mfupi uliosimikwa, na juu yake kibuyu kikubwa kilichopakwa udongo wa njano.

Mwalimu Dorka alikuwa pale akimwaga majivu kutoka kwenye kopo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, aliyeletwa kutoka upande wa ziwani mwezi wa kwanza tu. Kiswahili chake kilikuwa cha redio, kila neno limepigwa pasi. Waliamkiana vizuri. Alifurahi kumwona mzazi akiwahi namna ile, akasema laiti wangekuwa wote kama yeye. Kisyeri akakohoa na kuuliza kwa adabu maduara yako wapi.

"Umesimama juu ya la Mshtarii," alisema Mwalimu Dorka.

Kisyeri akainua mguu haraka. Chini ya buti lake kulikuwa na mstari mwembamba wa majivu juu ya nyasi. Akaufuata kwa macho. Mstari ulikwenda ukipinda taratibu, ukazunguka kibuyu kwa mbali, ukapita nyuma ya goli na kurudi tena hadi pale aliposimama. Ndani yake kulikuwa na mistari mingine iliyozunguka vilevile, na nje yake mingine mikubwa zaidi.

Ilichukua muda hadi wakaelewana, kwa sababu yeye aliuliza wamefika futi ngapi na mwalimu akajibu kwa hatua. Mwishowe Mogesi ndiye aliyetambua, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akamweleza mwalimu duara ni nini huku kwao. Mwalimu Dorka akasema, kama mtu anayejitetea mahakamani, kwamba duara ni umbo la mviringo, liko hata kwenye kitabu cha hesabu. Kisha akaelewa alichokuwa akiwaambia watoto wa wachimbaji siku hizi mbili, kila kundi litengeneze duara lake, na kwa nini kundi la Zohali lilikuja jana yake na majembe.

Mogesi akamshika baba yake mkono, akampitisha. Kibuyu ni jua, irioba. Mstari wa kwanza ni njia ya sayari iitwayo Zebaki, inayofuata ni ya Zuhura, halafu Dunia yetu, Mirihi, mpaka Pluto kule ukingoni. Za mbali mwalimu amezibana, alisema Mogesi, maana Pluto wa kweli angetuangukia mtoni. Akamwonyesha walivyofanya. Kamba ya katani ilifungwa pale katikati, mtoto mmoja akaivuta hadi ikanyooka, akazunguka nayo huku debe lililotobolewa likidondosha majivu nyuma yake. Sayari zenyewe walizifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Mshtarii alikuwa mkubwa kama chungwa. Mogesi akafungua kiganja, na ndani yake kulikuwa na kidonge kidogo kama kunde.

"Hii ndiyo Zebaki yangu," alisema. "Ni ndogo lakini ina mbio kuliko zote. Inazunguka jua kwa siku themanini na nane tu, mwaka wake umekwisha. Tumepiga hesabu, tata. Kule mimi nina miaka hamsini na tatu na ushei. Kwa hiyo kule mimi ni mama yako."

Akacheka. Wakati mwingine Kisyeri angecheka naye. Ilikuwa aibu, tena ile ya moto inayopanda hadi masikioni, lakini kando ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuwa na nafasi ya kukiangalia. Mtoto huyu, aliyekuwa akimwona anaosha sufuria tu, alikuwa ametembea kati ya jua na Pluto na kurudi nyumbani kuosha sufuria. Hakucheka kwa sababu alikuwa amesikia sauti barabarani.

Walikuja kama arobaini hivi, Wangwe mbele, sururu na makoleo mabegani, kamba, mitarimbo, na mmoja alibeba hata mlango wa kibanda chake kwa ajili ya kuzibia mdomo wa shimo. Watoto waliokuwa wanaingia shuleni wakajibanza ukutani. Mwalimu mkuu alikuwa Tarime mjini kwa kazi. Mwalimu Dorka akawaangalia wale watu, akaangalia darasa lake jipya la matofali lililokuwa hatua kumi tu kutoka duara la Pluto, akaweka kopo la majivu chini.

Nyuma ya choo kulikuwa na njia. Tusifiche, Kisyeri aliiangalia njia ile, tena kwa upendo. Angeipita, angefika kwake, na baadaye angesema hakuwepo. Akapiga moyo konde, akatupa gunia chini, akawaendea.

Alisema ukweli wote mbele yao, na ukweli ule ulimtoka kwa shida kuliko jiwe lolote alilowahi kulipasua. Alisema hapana dhahabu. Alisema duara aliloambiwa ni mstari wa majivu, Zebaki ni jina la nyota inayotembea, na yeye ndiye mjinga aliyesikia vibaya na kwenda kujisifu. Alisema wamcheke kadiri wanavyotaka, lakini wasitie jembe hapa, waikumbuke shule ya ng'ambo ya mto.

Hawakucheka. Walitazamana, na macho yao yakazidi kung'aa. Kumbe alikuwa amesahau kanuni ya kwanza ya rashi.

"Mura, ndugu yangu," alisema Wangwe kwa upole, "jana ilikuwepo, leo haipo? Mtu akianza kuapa kwamba hakuna, ujue amekwisha kuonja."

Wakaanza kusogea. Kisyeri akaona buti la kwanza linakaribia mstari wa nje kabisa, na hapo, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, akapaza sauti na kusema jambo ambalo hakuna mchimbaji asiyelijua. Alisema haya ni maduara, na yana wenyewe. Tangu lini mtu akaingia duara la mwenzake bila ruhusa yake?

Buti likasimama hewani, likarudi. Unaweza kumwibia mchimbaji mke wake mkaja mkasuluhishwa na wazee, lakini kuingia duara la mtu bila ruhusa ni jambo lisilosemeka. Wanaume arobaini wakasimama wamejipanga kando ya mstari wa majivu, kama ng'ombe kwenye josho, na wala hapakuwa na kitu cha kuwazuia zaidi ya upana wa vidole viwili vya jivu.

Wangwe akauliza mwenyewe ni nani, waongee naye.

"Huyu," alisema Kisyeri.

Mogesi alikuwa amesimama kwenye mstari wake mdogo karibu na jua, kiganja kimefumbwa. Wangwe akamwangalia, akatema mate pembeni. Akasema kila mtu anajua mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Wengine wakaguna kukubali, kwa sababu ndivyo walivyoamini wote, na Kisyeri mwenyewe aliwahi kumfukuza Robi alipomletea chakula karibu mno na shimo.

"Hilo ni la mashimo yenu," alisema Kisyeri. "Hapa aliyepewa ndiye mwenyewe. Binti yangu akisema muingie, mtaingia. Akikataa, mtanipitia mimi kwanza."

Mogesi akatoka kwenye mstari wake, akaja hadi mbele yao. Kwanza aliwaamkia, kama mtoto aliyelelewa, shikamooni, na ikabidi waitikie wote na vyuma vyao mabegani. Kisha akasema wamekuja kazini, na kila duara lina masharti yake, na haya ndiyo masharti ya hapa. Vyuma vibaki nje. Kila mtu achague duara moja, alitembee polepole, macho chini. Hatua moja kwa kila pigo la ngoma, isipokuwa mwenye Zebaki atakayekwenda mbio zake.

"Atakayeona jiwe la dhahabu," alimalizia, "mimi mwenyewe nitamletea sururu yake."

Ilikuwa haki, na wachimbaji wanapenda haki ikiwa na harufu ya dhahabu. Vyuma vikaanguka chini kimoja kimoja. Wakagawana maduara kwa kelele, na Wangwe, kwa kuwa ni Wangwe, akataka lililo kubwa kuliko yote. Akapewa Pluto, yeye na vijana wake kumi, wakatawanyika kulizunguka. Simioni, mchimbaji mkongwe kuliko wote, mtu wa maneno machache, akachukua la Dunia. Ile sayari kubwa kama chungwa na wenzake wakashikwa na watoto wa darasa la sita, waliotoka ukutani wakaja kutembea mbele ya wale wanaume kama viongozi wa maandamano. Kibuyu kilikuwa kimeanza kulegea juu ya mti wake, kwa hiyo Mogesi akamwambia baba yake akishike. Kisyeri akaingia katikati na kulibeba jua kwa mikono miwili.

Mwalimu Dorka akaleta ngoma ya shule. Alipiga pigo la kwanza kwa mkono wa woga, la pili vizuri, na kuanzia la kumi alikuwa anapiga kama mtu aliyesubiri siku hii tangu chuoni.

Jambo lile lilikuwa la kuonwa. Wanaume arobaini walizunguka pale kwa pigo la ngoma, shingo zimeinama, wanatafuta. Hawakuacha hata unyasi. Na ndani kabisa, Mogesi alikuwa anakimbia na kunde yake ya udongo, miguu mitupu, anazunguka na kuzunguka, sketi ya bluu inapepea. Kisyeri aligeuka naye polepole akiwa na kibuyu kifuani. Alikumbuka bibi yake, ambaye kila alfajiri alitoka nje na kuliamkia irioba kabla hajamwamkia mtu. Alidhani bibi alikuwa mzee tu. Leo alilishika jua lenyewe, na kila kilichokuwa pale uwanjani, Wangwe akiwemo, kilikuwa kinamzunguka.

Simioni alipomaliza duara lake alisimama. Akapiga goti, akachimbua udongo kwa kucha, akausugua, akaunusa. Akatafuta jiwe jeupe, lile lenye mishipa ambalo dhahabu hupenda kulala ndani yake, akakosa hata la kumpigia ndege. Watu wote walikuwa wamesimama wakimngoja, kwa sababu pua ya Simioni haikuwahi kukosea.

"Huu ni udongo wa mahindi," alisema.

Basi. Hapo ndipo rashi ile ilipokufa, saa tatu na nusu asubuhi, na darasa la matofali likabaki limesimama. Wengine walishusha pumzi, wengine walimwangalia Kisyeri kwa jicho ambalo angelilipia kazini wiki zijazo. Lakini Simioni hakuinuka. Alikuwa anamwangalia Mogesi aliyekuwa anahema kwenye mstari wake.

Akauliza jambo moja. Yeye amezunguka mara moja tu, huyu mtoto amempita mara nne. Ni mbio tu au kuna maana?

Mwalimu Dorka alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga na kumwonyesha Mogesi kwa fimbo ya ngoma. Mogesi akaeleza. Alieleza kwa Kiswahili, na pale kilipombana akaingiza Kikurya, na wazee wakatikisa vichwa kuonyesha wanafuata. Mzunguko mmoja kuzunguka jua ni mwaka. Aliye karibu na jua miaka yake ni mifupi, kwa hiyo anaihesabu mingi. Aliye mbali, mwaka wake haumaliziki. Akamuuliza Simioni umri wake, akachuchumaa, akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi, na kumwambia kwamba kule kwenye Zebaki angekuwa na miaka zaidi ya mia mbili. Simioni akakubali bila kushangaa. Alisema kiuno chake kilikwisha kumwambia.

Basi kila mtu akataka umri wake. Waliokuja kuuvunja uwanja walijazana wakimzunguka mtoto wa darasa la sita, wanataja miaka yao, na wale wasioijua wanataja njaa au mvua waliyozaliwa nayo. Wangwe alivumilia akashindwa. Kutoka kule kwenye mstari wake wa mbali akauliza, na mimi niliye kwenye duara kubwa?

"Una miaka mingapi, bosi?"

Thelathini na miwili, alisema Wangwe, kifua mbele.

Mogesi akachora vumbini. Akafuta, akachora tena, ili asije akamkosea mtu mzima. "Pluto anazunguka mara moja kwa miaka mia mbili arobaini na nane," alisema. "Kwa hiyo kule wewe bado. Una mwezi mmoja na nusu."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika hadi kwa wanawake wa mtoni. Mmoja alisema kumbe hajaanza hata uji. Mwingine aliuliza nani atambeba mgongoni wakati wa kurudi. Wangwe alivimba, akatafuta wa kumkasirikia, akaona ni watu wote, na mwishowe midomo ikamsaliti naye akacheka. Simioni akasema, kwa ile sauti yake ya kuchomekea, kwamba kama ni hivyo kuna mtu mzima hapa hajaamkiwa leo.

Wangwe akamwangalia Kisyeri aliyesimama na jua lake kifuani. "Shikamoo, mzee Kisyeri," alisema, nusu kwa utani.

"Marahaba," alisema Kisyeri.

Alikuwa ameingoja salamu ile tangu alipokuwa na nguvu zote mgongoni, akiiota hata akiwa chini shimoni. Sasa imekuja, na ilikuwa nyepesi, kama pipi iliyoyeyuka kabla hujajua ladha yake. Hakuitaka tena. Kulikuwa na nyingine iliyomjaa kifuani, nzito, na hii haikuwa ya kupokea.

"Mogesi," aliita. "Huko kwako una miaka mingapi, umesema?"

"Hamsini na tatu, tata."

"Na ushei."

"Na ushei."

Kisyeri akamwomba mtoto wa karibu amvue kofia, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa na machozi na hakujali nani anayaona. Katika ukoo wao wote, babu zake na ndugu zake na yeye mwenyewe, hakuna aliyewahi kuwa mwenye duara mpaka leo. Akainamisha kichwa mbele ya wale wanaume arobaini.

"Shikamoo, mwenye duara."

Mogesi akamwangalia mwalimu wake, akawaangalia wale watu, akamwangalia baba yake. Akanyoosha shingo.

"Marahaba, tata," alisema. Kisha akamwambia asimame vizuri, maana jua lilikuwa limeinama.